Mstari wa Penseli

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki sokoni kabla hujaufikia ukurasa huu, ndugu yangu, usijali. Nitakurudisha nyuma haraka haraka, maana mimi mwenyewe sina muda, niko roho juu.

Mimi ni karani wa masjala, chumba cha majalada, katika wizara inayoshika fedha za nchi. Miaka ishirini na sita kazi yangu ni hiyo hiyo: kila barua inayotoka naiandika kwenye daftari na kuipa namba. Ofisini wananiita Mama Majalada. Nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu.

Mwaka jana, mwezi wa sita, naibu mkuu wa kitengo cha madeni aliniomba nimshikie mstari. Huyu tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu hajawahi kupaza sauti, na hata akipanda ngazi hupanda kama mtu aliyebeba maziwa ya moto.

Kushika mstari ni tabia yetu ya masjala. Bosi anakuja, anasema, "Mama, kuna barua naimalizia, niwekee namba." Unamwachia mstari. Unaandika namba na tarehe kwa penseli, na pembeni unaweka alama ya mwenye barua usije ukasahau. Siku nakala ya barua ikiletwa nikaiona kwa macho yangu, ndipo napitisha wino. Penseli maana yake bado sijaiona. Wino maana yake nimeiona ikitoka, tarehe ile iliyoandikwa pale. Hakuna kanuni inayoturuhusu, na hakuna masjala isiyofanya hivyo.

Nilimshikia namba 188, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita. Siku tatu baadaye ikaanza sheria mpya: serikali haitamdhamini yeyote kwenye mkopo mpaka bunge likubali.

Mwezi wa pili mwaka huu, Bwana Taratibu akashuka masjala akiwa na maneno ya kujaza kwenye mstari wake: Dhamana ya mkopo, Shirika la Maji. Nikajaza kwa penseli, nikasubiri nakala. Nakala haikuja.

Pesa ilikuja. Bilioni arobaini za mabomba, nje kabisa ya bajeti, bungeni hazikutajwa hata kwa kunong'ona. Mabomba yenyewe hajayaona mtu. Shirika limeshindwa kulipa, mkopeshaji ameigeukia serikali, na wakaguzi wamejaa kwetu ghorofa nzima wakitafuta kitu kimoja: barua ya dhamana ilizaliwa mwezi wa sita, kabla ya sheria, au mwezi wa pili, baada yake? Kinachojua jibu ni daftari langu.

Ijumaa nikakuta kufuli la kabati langu limekatwa. Daftari lilikuwa bado lipo, nadhani aliyekata alishtuliwa. Nikalitumbukiza kwenye mfuko, nikaenda nalo nyumbani, nikaliweka kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda. Ndipo Jumanne, binti mkaguzi akaja kwenye dirisha langu, akaweka barua ya dhamana mezani, akasema, "Mama, naomba daftari la barua za mwaka jana."

Tuliachana hapo. Sasa sikiliza.

"Daftari?" nikasema, kama niliyeulizwa habari za tembo.

"La barua zinazotoka, mama."

"Aa, lile! Liko kwa fundi. Lilikuwa limechanika mgongo, limepelekwa kushonwa."

"Fundi gani?"

"Yule... wa kule." Nikaonyesha dirisha. Nje ya dirisha kulikuwa na ukuta.

Binti huyu anaweza kuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Asubuhi ananiamkia kwa adabu zote, na mimi namwitikia, tunaulizana habari za nyumbani. Lakini ana macho ambayo hayapepesi. Alinitazama mpaka nikajikuta napanga upya karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Mama, bibi yangu alikuwa karani wa mahakama," akasema. "Ndiye aliyenilea. Najua daftari halivuki mlango wa masjala bila hati ya kutolea. Naomba hati."

Sikuwa na hati.

"Kesho saa nne asubuhi," akasema. "Chumba cha mikutano. Uje na daftari. Usipokuja nalo, nitalazimika kuandika kwamba limepotea mikononi mwako, na hiyo taarifa haibaki kwangu, inakwenda polisi. Samahani sana, mama."

Hiyo samahani ndiyo iliyonimaliza. Mtu akikufokea unajua hajaamua bado.

Sijakaa hata dakika kumi, simu ya mezani ikalia. Ghorofa ya nne. Bwana Taratibu ananihitaji.

Nilipanda ngazi nikijishika ukutani. Usiniulize kwa nini sikutoka mlango wa mbele nikaenda zangu nyumbani. Miaka ishirini na sita nimeitwa na wakubwa nikaitika, miguu ilikuwa imeshazoea.

"Karibu, Mama Majalada, karibu ukae. Chai?"

"Nashukuru, nimekunywa."

"Kunywa tena. Una sura ya mtu aliyenyeshewa."

Akanimiminia mwenyewe. Nikakirudisha kikombe mezani bila kukionja.

"Nasikia binti wa watu anataka daftari," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Mpe. Kwani kuna shida gani? Mpe tu." Akatabasamu. "Ila kwanza ule mstari wangu upitishie wino. Ukimpelekea na penseli atauliza maswali, wewe utababaika, na mimi sipendi kukuona ukibabaika. Umri huu."

"Bosi, nakala sijaiona."

"Nakala hii hapa." Akafungua droo, akatoa nakala ya barua, tarehe ishirini na nane mwezi wa sita, sahihi, muhuri, kila kitu. Karatasi ilikuwa nyeupe pee, haijawahi kutobolewa tundu la jalada. Barua ya mwaka mzima haiwi hivyo. Hata mtoto wa shule angejua.

"Hii ni mpya, bosi."

"Mama," akasema taratibu, "mimi sijakuuliza umri wake."

Halafu nikasema neno ambalo sikujua kama ninalo. Nikasema, "Siwezi kuandika kwamba nimeona nisichokiona."

Hakukasirika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa hasa. Alifungua droo nyingine, akatoa karatasi moja, akaigeuza, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Unaikumbuka hii?"

Nilikumbuka sahihi yangu. Ilikuwa ya mwezi wa tatu, wakati mume wangu yuko hospitali, nyonga imesagika, daktari anasema apasuliwe awekewe chuma au akae kwenye kiti maisha yake yote. Hatukuwa na mbele wala nyuma. Ndipo Bwana Taratibu akanijia na bahasha nene, akasema ni mchango wa ofisi, wenzako wamekukumbuka, saini hapa tu kwamba umepokea. Karatasi ilikuwa imekunjwa, nikaona mahali pa kusaini peke yake. Nikasaini huku nalia. Miezi mitatu nimemwombea dua mtu huyu, asubuhi na jioni, kwa jina.

Sasa karatasi ilikuwa imekunjuliwa. Juu iliandikwa: Posho ya kazi maalumu, mradi wa mabomba, karani wa masjala. Chini yake jina langu, kiasi cha pesa, sahihi.

"Huu si mchango?" nikauliza.

"Ni mchango, mama. Mimi ndiye niliyechangisha. Hukuniuliza nimechangisha wapi."

Jamani! Kile chuma kilicho ndani ya mwili wa mume wangu, kile anachotembea nacho kwenda na kurudi, kimenunuliwa kwa mkopo ule ule ambao bunge halijui. Nimekula. Bila kujua, lakini nimekula, na nimesaini.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Ukipitisha wino, barua ni ya mwezi wa sita, dhamana ni halali, mradi ni halali, na hii posho ni halali. Naichana mbele yako. Ukikataa, mwandiko wa penseli ni wa nani?"

"Wangu."

"Pesa alisaini nani?"

"Mimi."

"Na mimi nimewahi kuligusa daftari lako, hata siku moja?"

Hakuwahi. Siku zote alisimama ng'ambo ya meza, akasema kwa mdomo.

"Basi taratibu tu, mama. Mstari mmoja." Akainuka kunifungulia mlango, mtu mstaarabu. "Msalimie shemeji. Anatembea vizuri sasa? Ipo siku nitapita kumjulia hali."

Nilitoka kazini kabla ya muda. Sijawahi kufanya hivyo isipokuwa siku ya msiba.

Ninapotoka ofisini mpaka nyumbani napita kwenye kazi za mume wangu. Yeye ni fundi wa vibao, yule anayeandika kwa brashi na rangi: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, namba za simu, namba za nyumba. Nusu ya milango ya mji huu ameiandika yeye. Hata angekuwa hajaweka jina ningezijua kwa nane zake. Watu wote wanaanza nane juu. Yeye anaanza chini, anapanda, anazunguka, na akifika juu anaacha mdomo wazi kidogo, hauzibi. Tulipokuwa wachumba nilimwuliza kwa nini, akasema nane ikizibwa inakosa hewa. Nikaona nimepata mwendawazimu, nikamkubali hivyo hivyo.

Nilimkuta kibarazani, fimbo pembeni, amekaa na kibao cha saluni magotini. Rangi ilikuwa imekauka, na sasa alikuwa akifanya kile anachofanya mwisho wa kila kazi: anachukua kifutio, anafuta mistari ya penseli aliyoichora kuongoza herufi, anapuliza vumbi, anafuta tena, mpaka usiweze kuamini kwamba penseli iliwahi kupita hapo.

"Mama watoto! Leo serikali imefunga mapema?"

"Ingia ndani, mume wangu."

"Nani amekufa?"

"Ingia ndani kwanza."

Akaingia. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, joto lote lile. Nikamwambia kila kitu, kuanzia penseli mpaka bahasha. Nilipofika kwenye bahasha akaweka mkono kwenye nyonga yake, akauacha pale.

"Kwa hiyo hiki chuma..." akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilimpa mkono yule bwana. Alikuja hospitalini na machungwa, nikamshika mkono kwa mikono miwili."

"Hukujua."

"Ningejua ningekaa kwenye kiti." Kisha akauliza, "Ukikataa, watakufunga?"

"Wataniita mwizi. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu. Kiinua mgongo ndiyo basi tena, na baada ya hapo ni jela, Baba watoto. Usinifanye niseme mara mbili."

"Na ukipitisha wino?"

"Anasema anaichana ile karatasi."

"Mstari mmoja tu?"

"Mstari mmoja."

Hakuniambia nifanye wala nisifanye. Nikavuta sanduku, nikatoa daftari, nikaliweka mezani, nikafungua ukurasa. Mstari wa 187 kwa wino, wa 189 kwa wino, na katikati ule wa kwangu, kijivu, umepauka. Nikachukua kalamu.

Sitakudanganya. Wakati ule nilikuwa nimekubali. Nilisema moyoni, nimalize, nistaafu, nife na mume wangu nyumbani kwetu. Lakini kalamu ilipokaribia karatasi, mkono ukaanza kutetemeka. Nikaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Ncha ilikuwa inacheza hewani kama inamtafuta mtu.

"Siwezi," nikasema. "Unaona? Natetemeka. Siwezi hata kuandika."

Nikaitupa kalamu, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akanyanyuka na mguu wake ule, akanifuta uso kwa kitambaa chake chenye harufu ya rangi.

"Basi, basi. Usilie. Tutaona kesho."

Asubuhi niliingia kuoga. Mimi nafikiri vizuri nikiwa na ndoo ya maji, sijui kwa nini. Na pale bafuni, povu machoni, nikakumbuka kitu ambacho hofu ilikuwa imenisahaulisha.

Alama.

Pembeni ya mstari wa 188, kwa penseli, kwa mkono wangu, kuna herufi T. Na chini ya hiyo T, kwa maandishi madogo ya kunisaidia kumbukumbu, nimeandika tarehe niliyoletewa yale maneno: mwezi wa pili. Mwaka huu. Na penseli yenyewe, kule kuwa penseli tu, inapiga kelele kwamba karani hakuiona barua ikitoka. Bwana Taratibu hajui habari ya T. Hajawahi kulifungua daftari, alisema mwenyewe!

Nilisimama na kopo mkononi, nikaanza kucheka peke yangu. Ile penseli niliyotaka kuizika ndiyo iliyokuwa inanitetea. Na kule kutetemeka, nikaona, ni mwili wangu ulikuwa na akili kuliko mimi. Nikaamua. Nakwenda kusema kweli yote, na ya bahasha pia, potelea mbali. Pesa nitarudisha kidogo kidogo, hata kwa kuuza sanduku.

Nilipotoka, mfuko wangu ulikuwa mlangoni, umeshafungwa. Daftari limeviringishwa kwenye kitambaa safi. Mume wangu amevaa shati la kutokea na anatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

"Umelala vizuri wewe," nikasema.

"Vizuri sana. Nenda, mke wangu. Leo usiogope kitu."

"Siogopi."

"Ndiyo nakwambia. Hakuna cha kuogopa."

Nikadhani ananipa moyo. Sikumwambia nimeamua nini. Nilijua akisikia nakwenda kumtaja mkubwa mbele ya wakaguzi atataka twende wote, na ngazi zile na nyonga ile haviendani. Nikasema nitamwambia nikirudi.

Saa nne kasoro tano nilikuwa mlangoni kwa binti mkaguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Akafunga. Alikuwa peke yake. Mezani kulikuwa na majalada mpaka kidevuni, na ile barua ya dhamana juu kabisa. Nikakaa, nikaweka mfuko magotini, na kabla sijaufungua nikasema. Nilimwaga mtama wote. Kushika mstari, penseli, mwezi wa pili, nakala nyeupe, bahasha, posho, chai. Nilisema kwa mfululizo bila kumeza mate, na yeye aliandika bila kuniinulia macho. Mwisho nikasema na jina kamili la Bwana Taratibu, ambalo hata ofisini watu wengi hawalijui.

Akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua unachokisema ni kikubwa?"

"Najua."

"Atakana. Utakuwa wewe na yeye, neno kwa neno. Na yeye ana karatasi yenye sahihi yako."

"Na mimi nina penseli," nikasema. Ndugu yangu, nilijisikia mrefu! Nilitoa daftari kwenye mfuko, nikalikunjua kwenye kitambaa, nikamsogezea likiwa bado limefungwa. "Fungua ukurasa wa mwezi wa sita. Mia na themanini na nane. Kuna penseli, na pembeni kuna herufi T na tarehe ya mwezi wa pili. Chukua kifutio hicho hapo, jaribu kwenye herufi moja tu. Ikifutika, mimi ni mkweli. Isipofutika, nifunge."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Akafungua. Akapekua. Akasimama kwenye ukurasa, akaweka rula chini ya mstari, akainama.

Akachukua kifutio. Akasugua mara moja. Akasugua tena kwa nguvu kidogo. Akapuliza. Akasugua mara ya tatu, mpaka karatasi ikaanza kutoa manyoya.

"Mama," akasema, "hii haifutiki."

"Haiwezekani."

Akaligeuza daftari kwangu.

Ulikuwa wino. Mstari mzima, namba, tarehe, Dhamana ya mkopo, Shirika la Maji. Wino wa bluu, umenyooka, hauna hata herufi iliyopinda, mwandiko wangu wa kweli jinsi ulivyokuwa kabla sijaanza kuvaa miwani. Pembeni hakukuwa na T. Hakukuwa na tarehe. Palikuwa peupe, pamefutwa na kupulizwa vumbi, kama kibao cha saluni.

Na nane zile mbili za 188 zilikuwa zimeachwa mdomo wazi juu.

Mungu wangu. Nikamwona mume wangu, mimi niko bafuni nacheka, yeye mezani, mguu umenyooshwa pembeni, ulimi umetoka kidogo kama anavyofanya akiandika. Mkono wake haujawahi kutetemeka miaka thelathini na moja. Aliniona nimeshindwa, akanimalizia. Aliona ni chuma chake kilichoniponza, akataka kukilipia kwa kitu pekee anachokijua. Na alipomaliza akafanya usafi, kama fundi.

Binti mkaguzi alikuwa ameweka ncha ya kidole juu ya mstari. Akakiinua, akakitazama. Kilikuwa na bluu.

"Wino huu haujamaliza siku moja," akasema. Sauti ilikuwa ya upole, lakini hakuniita mama. "Kuna mtu ameandika juu ya penseli, kisha akaifuta penseli. Huo ulikuwa waraka wa serikali ulio chini ya ukaguzi. Aliyefanya hivi anakwenda jela kabla hata ya aliyekopa. Daftari lililala wapi?"

"Kwangu."

"Nani mwingine yuko nyumbani kwako?"

Nikaona polisi kibarazani, wanamwinua kwenye kiti chake, wanampa fimbo, au hawampi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Ni mimi niliyeandika."

"Dakika mbili zilizopita uliniambia nifute nione. Ulikuwa unaapa."

"Nilisahau."

"Ulisahau." Akanitazama kwa yale macho yasiyopepesa, kisha akayarudisha kwenye mstari, na nikaona kidole chake kinatembea polepole kuelekea kwenye namba. Kikatulia hapo. Akarudi nyuma kurasa mbili, akaangalia namba nyingine ya kwangu. Akarudi tena.

Alivuta karatasi tupu, akaiweka mbele yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Niandikie hapa," akasema. "Mia na themanini na nane. Mara tatu, bila haraka."

Nikachukua kalamu. Ile moja ilitoka vizuri, moja haina siri. Halafu nikajua kwamba nane yangu mimi inaanzia juu, kama ya watu wote, na kwamba ile ya kwake nimeipita kwenye milango ya mji mzima, nimeipenda, nimeicheka, na sijawahi hata siku moja kuiandika.

Nikashusha ncha ya kalamu chini, pale anapoanzia yeye, na mkono ukaanza kutetemeka.